NHL inalipa timu kwa kufungwa, na ndiyo maana kipindi cha tatu kinatuchosha

KISAHANI CHEUSI

Wakuu, hili nimelimeza muda mrefu, leo nalitema. NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, inazilipa timu kwa kufungwa. Ukipoteza ndani ya dakika 60 unaondoka mikono mitupu, sawa, ndiyo michezo. Ukipoteza dakika ya 61, yaani kwenye nyongeza, au kwenye penati zinazofuata, unapewa pointi moja ya kifuta jasho, na aliyekufunga anachukua zake mbili kama kawaida. Kwa hiyo mechi iliyoanza na pointi mbili mezani, ikifika dakika ya 60 ubao ukisoma sare, ghafla ina pointi tatu. Hiyo ya tatu imetoka wapi? Hakuna aliyenyang'anywa. Ligi imeichapa tu kama benki kuu inavyochapa noti, na matokeo ni yaleyale: kila pointi iliyopo inashuka thamani.

Msimu wa timu 32 zinazocheza mechi 82 kila moja una mechi 1,312. Kati ya kila nne au tano, moja inaingia nyongeza. Chukua hata moja ya tano tu: ni pointi zaidi ya 260 zinazogawiwa kwa watu waliofungwa.

Lakini hesabu siyo inayoniuma. Kinachoniuma ni kipindi cha tatu, zile dakika 20 za mwisho. Tazama mechi yoyote ya mwezi Machi iliyo 2-2, zimebaki dakika nane, timu moja ya Kanda ya Mashariki na nyingine ya Magharibi. Hawa hawagombei nafasi moja. Wakifika sare kila mmoja ana kitu mfukoni na hakuna anayemdhuru mwenzake. Basi mwangalie beki. Kipindi cha kwanza alikuwa anapanda mpaka kwenye duara la mbele kutafuta shuti. Sasa anapokea kisahani (ndicho "mpira" wa hoki) nyuma ya goli lake, ananyanyua kichwa, anaona pasi ya katikati iko wazi kabisa, anaiacha, anakigongesha kwenye kioo cha pembeni ili kitoke tu nje ya mstari wa buluu unaotenga eneo lake. Mpinzani anakiokota, anakivusha mstari mwekundu, anakitupa kilindini kwa wapinzani, anakimbilia benchi kubadilishwa. Mshambuliaji mmoja anakwenda kusumbua kwa adabu, wanne wamebaki kati wakiziba njia. Zamu za sekunde 45 zinapita moja baada ya nyingine bila shuti la maana. King'ora kinalia, wachezaji wa pande zote mbili wanakwenda kugongana glavu na makipa wao. Pointi imeingia.

Siwalaumu makocha. Mimi ningekuwa kocha ningefanya hivyohivyo. Ukiwa na uhakika wa pointi moja na nafasi ya kupata ya pili, ukafungue mlango wa nini?

Historia yake inachekesha. Zamani mechi ikiisha sare, ni sare, kila timu pointi moja. Msimu wa 1983-84 wakaleta nyongeza ya dakika tano, anayefunga kwanza anashinda, asipopatikana ni sare. Ikawa timu zinapaki basi kwenye zile dakika tano zisipoteze pointi yao moja. Ndipo msimu wa 1999-2000 wakasema: wacheze wanne kwa wanne, na atakayefungwa kwenye nyongeza abaki na pointi yake, ili watu wajiachie. Kwa wakati ule ilikuwa na mantiki. Uoga ulikuwa kwenye nyongeza, wakautibu kwenye nyongeza. Ukahamia dakika kumi za mwisho kabla yake.

Halafu msimu wa 2004-05 ukafutwa wote kwa mgogoro wa mishahara kati ya wamiliki na wachezaji. Waliporudi 2005-06 wakaleta penati, sare ikazikwa. Sasa niambieni: ile pointi ililetwa ili watu wasicheze kutafuta sare. Sare haipo tena. Pointi ipo. Sababu imekufa, dawa bado inanyweshwa mgonjwa, mwaka wa ngapi huu?

Na tazama inavyoharibu hata usomaji wa msimamo. New Jersey Devils, msimu wa 2013-14, walimaliza 35-29-18. Mtu akisoma haraka anaona timu iliyoshinda zaidi ya ilivyofungwa. Siyo kweli. Wameshinda 35, wamefungwa 47. Zile 18 za mwisho ni vipigo vya nyongeza na penati vilivyovalishwa suti.

Hao Devils wana mkasa ambao kila nikiukumbuka nacheka na kusikitika kwa pamoja. Msimu ule waliingia kwenye penati mara 13. Walishinda ngapi? Sifuri. Mara 13 bila kushinda hata moja, na golini wakipokezana Martin Brodeur, kipa mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika historia ya ligi, na Cory Schneider. Mbele yupo Jaromír Jágr. Walimaliza na pointi 88. Nafasi za mwisho za mtoano upande wa Mashariki zilichukuliwa na Columbus Blue Jackets na Detroit Red Wings wenye 93. Yaani Devils wangeshinda sita tu kati ya zile 13 wangefika 94 na wangecheza mtoano. Timu nzima imekaa nyumbani Aprili kwa sababu ya mchezo wa mtu mmoja na kipa, mchezo ambao ikifika kugombea Kombe la Stanley, taji lenyewe la ligi, unafichwa kabatini. Kwenye mtoano hakuna penati. Mnacheza vipindi vya dakika 20, watano kwa watano, mpaka mtu afunge, hata kama ni alfajiri.

Ninachotaka kinajulikana na kinatumika sehemu nyingi: ushindi wa dakika 60 pointi tatu, ushindi wa nyongeza au penati mbili, kufungwa kwenye nyongeza au penati moja, kufungwa ndani ya dakika 60 sifuri. Ndivyo yanavyochezwa mashindano ya dunia, ndivyo ligi kuu za Sweden, Finland, Ujerumani na Uswisi zinavyohesabu. Barafu ileile, kisahani kilekile cha gramu 170.

Karibuni, lakini mje na hoja.

GONGO LA KUSHOTO

Mkuu umeandika vizuri ila umeanza kwa kujipinga. Kichwa cha habari unalia timu zinalipwa kwa kufungwa, mwisho unapendekeza mfumo ambao bado unampa aliyefungwa pointi moja. Tofauti iko wapi? Pia Devils unaowaonea huruma walipewa pointi 13 za bure kwa zile penati. Wangepewa sifuri wangekuwa na 75.

KISAHANI CHEUSI

Tofauti ni nani anailipa. Sasa hivi ile moja ya aliyefungwa inashuka kutoka mbinguni, mshindi hapungukiwi na kitu. Kwenye mfumo wa tatu, kila mechi ina pointi tatu, iishe dakika ya 60 au ya 65. Aliyefungwa akipata moja, imekatwa kwenye mfuko wa mshindi. Kwa hiyo kuifikisha mechi nyongeza kuna gharama, na gharama hiyo anaiona kila mtu aliye uwanjani ubao ukisoma 2-2.

Devils sikuwaleta kwa huruma. Nimewaleta kwa sababu leo ushindi wa penati na ushindi wa 5-1 vina bei moja. Hilo ndilo tatizo la pili, na ni la familia moja na la kwanza.

GONGO LA KUSHOTO

Sawa, hapo nimekuelewa, ila sijakubali. Ligi ni biashara. Kamishna wake Gary Bettman yuko pale tangu 1993, siyo mjinga. Msimamo ukiwa umebanana, timu 24 zinaingia Machi zikiamini zitacheza mtoano, viwanja vinajaa. Leta pointi tatu uone timu ya kwanza inavyomwacha wa tisa kwa pointi 40 ifikapo Januari. Nani atanunua tiketi?

Na tusisahau St. Louis Blues. Mwanzoni mwa Januari 2019 walikuwa mkiani kabisa mwa ligi nzima. Juni wakanyanyua kombe. Huo ndio uzuri wa msimamo kubanana.

KISAHANI CHEUSI

Kubanana kwa macho tu, kaka. Wewe uko nyuma pointi sita, mbele yako kuna timu nne. Usiku huu wewe umeshinda, una mbili. Zile nne zimecheza zenyewe kwa zenyewe, mechi zote mbili zimekwenda nyongeza: wawili wana mbili, wawili wana moja. Umeshinda na hujamsogelea mtu wa maana. Pointi ya kufungwa ni ngao ya aliye mbele. Anayefukuza anahitaji kushinda na pia anahitaji walio mbele waondoke mikono mitupu, na mfumo huu umehakikisha hawaondoki.

Blues walipanda kwa sababu walishinda mechi 11 mfululizo baada ya kumpa goli Jordan Binnington. Ukishinda 11 mfululizo utapanda kwenye mfumo wowote, hata ule wa 1917 ligi ilipoanzishwa. Na kwenye pointi tatu wangepanda haraka zaidi, maana mechi moja ingekuwa na uwezo wa kula pengo la pointi tatu.

BEKI MSTAAFU

Vijana mnazunguka mbuyu. Rudisheni sare. Dakika 60 zimeisha, hakuna mbabe, kila mtu moja, kwaherini. Mpira wa miguu unaishi na sare na hakuna aliyekufa. Haya ya penati ni sarakasi.

Mimi penati zilinitoka moyoni Nagano 1998, nusu fainali ya Olimpiki, Kanada na Jamhuri ya Czech. Ni 1-1 mpaka mwisho wa nyongeza. Ikaja mikwaju mitano kila upande. Robert Reichel akafunga ya kwanza ya Wacheki. Kanada wakatuma Theoren Fleury, Ray Bourque, Joe Nieuwendyk, Eric Lindros, Brendan Shanahan. Dominik Hašek akawazuia wote watano. Wote. Na benchi la Kanada amekaa Wayne Gretzky, mfungaji mkubwa kuliko yeyote aliyewahi kuvaa viatu vya kuteleza mpaka siku hiyo, hakuitwa. Kocha Marc Crawford alimpeleka Bourque, ambaye ni beki, akamwacha Gretzky. Mchezo unaokuruhusu kumwacha Gretzky benchi wakati wa kuamua nusu fainali siyo hoki. Ni kitu kingine.

DADA WA BARAFUNI

Mzee wangu, shikamoo, lakini Hašek kuzuia watano ndiyo hoki yenyewe. Ulitaka kipa afanye nini zaidi? Na Wacheki wakaenda kuwafunga Warusi 1-0 fainali, kwa hiyo usiseme walibahatisha.

Mimi penati nazipenda na siombi radhi. Sochi 2014, Marekani na Urusi. Sheria za kimataifa zinaruhusu baada ya mikwaju mitatu kumrudia mpigaji yuleyule, basi Marekani wakawa wanamtuma T.J. Oshie tu. Alikwenda mara sita, akafunga nne, golini Sergei Bobrovsky, kwao, mbele ya mashabiki wao. Kila akirudi katikati ya uwanja unaona kipa anajua kinachokuja na hajui kinakuja upande gani. PyeongChang 2018, fainali ya wanawake, Jocelyne Lamoureux-Davidson akamlaza kipa wa Kanada kwa mizungusho mpaka leo nikiirudia sioni kisahani kilipita wapi, kisha Maddie Rooney akaokoa wa mwisho, dhahabu Marekani. Hayo nayo ni sarakasi?

Kwa pointi tatu niko na mleta mada. Ligi ya wanawake ya PWHL ilipoanza Januari 2024 iliingia na 3-2-1-0 siku ya kwanza, hakuna aliyepotea kusoma msimamo. Na wana sheria nyingine tamu: ukiwa pungufu kwa adhabu halafu ukafunga, mwenzako aliyeadhibiwa kukaa kando anatoka kifungoni hapohapo. Matokeo yake timu iliyo pungufu inashambulia badala ya kujificha. Ukibadilisha malipo, watu wanabadilika.

BEKI MSTAAFU

Marahaba mwanangu. Oshie alikuwa fundi, sikatai. Lakini Desemba 2014 Florida Panthers na Washington Capitals walikwenda raundi 20 za penati. Ishirini. Ilipofika raundi ya kumi na tano walikuwa wanaitwa mabeki ambao msimu mzima hawajafunga. Nick Bjugstad ndiye aliyetuokoa. Hiyo nayo utaniambia ni dhahabu?

DADA WA BARAFUNI

Hiyo ilikuwa burudani mzee, wewe ulitaka kulala tu.

MPIGA HESABU

Nimekuja kumwaga maji kwenye moto. Chukueni msimamo wa misimu iliyopita, uhesabuni upya kwa 3-2-1-0. Timu nyingi zinabaki palepale au zinasogea nafasi moja. Bingwa wa msimu wa kawaida kwa kawaida ni yuleyule. Wanaobadilika ni wachache sana wa pale mpakani. Sasa kelele zote hizi za nini kwa kitu ambacho hakibadilishi msimamo?

KISAHANI CHEUSI

Hoja hii inaletwa kila mwaka na kila mwaka ina shimo lilelile. Unahesabu upya mechi ambazo zilichezwa kwa malipo ya zamani. Yule beki aliyegongesha kisahani kwenye kioo dakika ya 52 aligongesha kwa sababu alijua kuna pointi ya uhakika. Ukimwambia kabla ya mechi kwamba sare ya dakika 60 inamkosesha pointi moja hata akishinda, atatafuta ile pasi ya katikati. Hiyo pasi haipo kwenye daftari lako kwa sababu haikupigwa. Huwezi kuihesabu upya.

Halafu ligi yenyewe inajua. Timu mbili zikilingana pointi, kigezo cha kwanza cha kuzitenganisha tangu msimu wa 2019-20 ni kipi? Idadi ya ushindi wa dakika 60. Siyo wa nyongeza, siyo wa penati. Yaani wanakubali kwamba ushindi huo una uzito zaidi, ila wanaukumbuka tu watu wakifungana pointi mwezi Aprili. Kwa nini wasiuheshimu tangu Oktoba?

MPIGA HESABU

Hapo kwenye kigezo umenipata. Lakini kuna suala la rekodi. Boston Bruins 2022-23 walifikisha pointi 135, rekodi ya ligi. Ukileta pointi tatu, timu ya kawaida tu itapita hapo. Historia yote inakuwa haina maana.

KISAHANI CHEUSI

Historia tayari imechafuliwa, mkuu, tena na pointi hiihii. Bruins wale walikuwa 65-12-5. Toa tano za kufungwa unabaki na 130. Montreal Canadiens 1976-77 walikuwa 60-8-12, pointi 132, mechi 80 siyo 82, na hakuna hata moja waliyopewa kwa kufungwa. Wamefungwa mara nane msimu mzima! Kwangu mimi rekodi bado iko Montreal. Najua utasema Canadiens walikuwa na sare 12 ambazo leo zingeamuliwa kwa penati. Sawa, na ndiyo maana nasema kulinganisha zama kwa pointi ni kujisumbua. Hesabu ushindi na vipigo, inatosha.

Na wale Bruins waliondolewa raundi ya kwanza na Florida Panthers kwa mechi saba, bao la Carter Verhaeghe kwenye nyongeza ya mechi ya saba. Nyongeza ya kweli, watano kwa watano. Hiyo hakuna aliyelalamika kwamba ni bahati nasibu.

KIPA NAMBA MBILI

Naomba niingilie, maana wote mnazungumzia penati na hakuna anayeigusa ile nyongeza ya watatu kwa watatu. Ilipoanza 2015-16 ilikuwa moto. Nafasi kubwa, Connor McDavid anachukua kisahani nyuma ya goli lake na sekunde sita baadaye yuko uso kwa uso na kipa. Mechi nyingi zilikuwa zinaisha hapohapo, penati zikapungua, lengo lilikuwa hilo.

Kisha makocha wakaisoma. Sasa hivi ukipata kisahani huachii. Unaingia eneo lao, huoni kitu safi, unatoka nacho nje ya mstari wa buluu, unarudi mpaka kwako, mwenzako mmoja anabadilishwa, mnaanza upya. Timu pinzani inasimama inatazama kwa sababu ukimfuata mtu mmoja na akakupita, imekwisha, ni wawili kwa mmoja. Inaweza kupita dakika nzima bila shuti. Wakurugenzi wa timu wamejadili mara kadhaa kupiga marufuku kurudi nyuma na kisahani. Mimi ningeipitisha kesho asubuhi.

KISAHANI CHEUSI

Nakuunga mkono kabisa. Kurudi nyuma kupigwe marufuku, na nyongeza iwe dakika kumi badala ya tano. Ukifanya hayo mawili penati zitakuwa nadra kiasi kwamba hata Mzee Beki hatakuwa na sababu ya kununa.

Na kuna mkasa mwingine nimeukumbuka hapa, Los Angeles Kings. Juni 2014 wanachukua kombe mbele ya New York Rangers. Katika ushindi wao mara nne kwenye fainali ile, mara tatu ilikuwa nyongeza, ukiwemo wa mwisho, Alec Martinez nyongeza ya pili. Hao ni wababe wa nyongeza, siyo? Msimu uliofuata, mechi zilizopita dakika 60 walishinda tatu, wakapoteza 15. Wakamaliza na pointi 95, Calgary Flames wakaingia na 97. Mabingwa watetezi hawakucheza mtoano hata mechi moja. Timu ni ileile kwa kiasi kikubwa. Kilichobadilika ni kwamba nyongeza ya Juni ni hoki, ya Novemba ilikuwa wanne kwa wanne dakika tano kisha penati.

GONGO LA KUSHOTO

Halafu kuna upande wa pili ambao hamuutaji. Aprili 11, 2010, siku ya mwisho ya msimu, Philadelphia Flyers na Rangers, anayeshinda anaingia mtoano, aliyefungwa anakwenda likizo. Ni 1-1 mpaka penati. Claude Giroux kafunga, Brian Boucher kamzuia Olli Jokinen. Flyers 88, Rangers 87. Mnajua Flyers walifika wapi? Fainali ya Kombe la Stanley. Njiani waliwageuza Boston kutoka nyuma 0-3. Kwa hiyo hizo penati mnazozitukana zilitupa moja ya hadithi bora za mtoano.

BEKI MSTAAFU

Na wakafungwa fainali na Chicago kwa bao la Patrick Kane ambalo uwanja mzima haukuliona limeingia, yeye peke yake ndiye alikuwa anashangilia. Kwenye nyongeza. Ya watu kamili.

Mimi naomba niulize swali moja tu: mnakumbuka nini zaidi, penati ya Giroux au ile mechi ya Agosti 2020, Tampa Bay na Columbus, nyongeza tano, Joonas Korpisalo ameokoa mashuti 85 na bado akafungwa na Brayden Point? Nyongeza tano! Karibu ifikie ile ya Detroit na Montreal Maroons ya 1936, nyongeza sita, 1-0, Mud Bruneteau. Mtu amecheza zaidi ya mechi mbili kwa usiku mmoja.

DADA WA BARAFUNI

Vyote nakumbuka mzee. Mbona unanichagulia.

KIPA NAMBA MBILI

Swali kwa mleta mada, maana hili linanihusu. Leo kwenye nyongeza ya msimu wa kawaida, ukimtoa kipa ili upate mshambuliaji wa ziada, halafu ukafungwa goli tupu, unanyang'anywa na ile pointi yako moja. Kwa hiyo makocha karibu wote hawagusi. Kwenye 3-2-1-0 unayoitaka, chukulia siku ya mwisho ya msimu, timu inahitaji pointi tatu kuingia mtoano, mbili hazitoshi. Dakika ya 58, ubao 2-2. Kocha afanye nini?

KISAHANI CHEUSI

Amtoe kipa.

KIPA NAMBA MBILI

Ubao ukiwa sare?

KISAHANI CHEUSI

Ubao ukiwa sare. Sita kwa watano, goli lake liko wazi, dakika mbili kamili. Pointi mbili hazimsaidii kitu, kwa hiyo kufungwa na kushinda kwa penati kwake ni sawa. Anayebaki na kipa wake uwanjani hapo ndiye anayecheza kamari mbaya. Na mpinzani naye hawezi kukaa akisubiri king'ora, maana goli la upande wa pili liko wazi na kuna pointi tatu ndani yake.

GONGO LA KUSHOTO

Hiyo mechi nitaitazama. Sijasema nimekubali mfumo. Nimesema hiyo mechi nitaitazama.